Victor Goldschmidt: aliyechunguza majivu ya makaa ya mawe

Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka hupita Masasi, jirani na Nachingwea, yakienda bandari ya Mtwara. Wengi huona nishati tu. Victor Goldschmidt, mtaalamu wa miamba aliyezaliwa Zürich mwaka 1888 na kukulia Norway, aliangalia majivu. Mwaka 1930, akiwa Ujerumani, alionyesha kuwa makaa mengine yana jemaniamu, madini adimu ambayo makaa yakiungua hubaki kwenye majivu na masizi. Si makaa yote, lazima yapimwe.

Alikuwa Myahudi. Mwaka 1935 aliukimbia utawala wa Hitler, akarudi Norway, nao ukamfuata. Novemba 1942 aliachiwa bandarini Oslo dakika za mwisho. Wenzake walisafirishwa kwenda Auschwitz. Alitorokea Sweden, akafariki Oslo mwaka 1947. Leo China huchenjua jemaniamu kutoka majivu hayo, kwa ajili ya nyaya za intaneti na miwani ya kuonea gizani.