A. S. Hornby: Mwalimu aliyewaandikia wageni kamusi ya Kiingereza

Wasikilizaji wengi waliosoma sekondari wameiona kamusi nene ya Kiingereza ya Oxford, ile ya wanafunzi, ikiwa mezani kwa mwalimu au ikizungushwa dawati hadi dawati. Kwenye jalada lake kuna jina moja: A. S. Hornby. Leo tunaeleza mtu huyo alikuwa nani na kwa nini kazi yake inamhusu kila anayejifunza Kiingereza baada ya kukua na lugha nyingine.

Kutoka Chester hadi Japani

Albert Sidney Hornby alizaliwa mwaka 1898 mjini Chester, Uingereza, akasoma chuo kikuu London. Mwaka 1924 alikwenda Japani kufundisha katika chuo cha biashara mjini Oita, kwenye kisiwa cha Kyushu. Aliajiriwa kufundisha fasihi ya Kiingereza. Lakini hakuchukua muda kugundua kwamba vijana wale hawakuhitaji fasihi kwanza. Walihitaji lugha yenyewe: kusema, kuelewa na kuandika sentensi iliyo sawa. Kwa hiyo akageukia kazi ya kufundisha lugha.

Mjini Tokyo wakati huo alikuwepo Mwingereza mwingine, Harold Palmer, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer alimwalika Hornby wafanye kazi pamoja. Palmer alipoondoka Japani mwaka 1936, Hornby alikuwa miongoni mwa walioendeleza utafiti huo.

Shida ilikuwa nini?

Kamusi za Kiingereza zilikuwepo tangu zamani, ila nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Waingereza wenyewe. Zilieleza maana ya maneno magumu, lakini hazikumwambia mgeni jinsi ya kuyatumia maneno mepesi.

Chukua misemo. Mwingereza akisema mvua inanyesha paka na mbwa, ana maana kwamba mvua ni kubwa. Akisema mtu amepiga ndoo teke, ana maana kwamba amefariki. Akisema anakuvuta mguu, anakutania tu. Unaweza kulijua kila neno katika misemo hiyo na bado usielewe kitu.

Kwetu pia ni hivyo hivyo. Mgeni atafungua kamusi, atapata maana ya mkono na maana ya birika, lakini hatajua kwamba mkono wa birika ni bahili. Akisikia kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, huenda akamwonea huruma kwa maradhi ya presha.

Shida ya pili ni ujenzi wa sentensi. Sisi tunasema nataka uende, tena tunasema napendekeza uende, na zote mbili zinajengwa kwa namna moja. Katika Kiingereza, kitenzi cha kutaka kina ujenzi wake na cha kupendekeza kina wake. Mwanafunzi anayejenga cha pili kwa mfano wa cha kwanza anakosea, ingawa maneno yote anayajua.

Vilevile, yako maneno ambayo Kiingereza hakiyahesabu. Ushauri, habari na fanicha hayaongezwi herufi ya wingi. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kusema habari mbili au shauri moja, hawezi kulibahatisha hilo.

Kamusi inayoonyesha matumizi

Kuanzia mwaka 1937, Hornby pamoja na walimu wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, walianza kuandaa kamusi ya aina nyingine. Waliyapanga matumizi ya vitenzi katika mifumo 25, ili mwanafunzi aone kila kitenzi kinafuatwa na nini. Walionyesha majina yanayohesabika na yasiyohesabika. Waliweka misemo ya kila siku pamoja na sentensi za mfano, kwa maneno ambayo mwanafunzi angeweza kuyafuata. Kazi ya kuandika ilimalizika mwaka 1940.

Kisha vita vikaingia. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza na Marekani, na Waingereza waliokuwa Japani, Hornby akiwemo, wakawekwa kizuizini. Hata hivyo kamusi ilichapishwa Tokyo mwaka 1942 na kampuni ya Kijapani ya Kaitakusha. Kitabu cha kufundishia lugha ya adui kilitoka kiwandani katikati ya vita, na mwandishi wake alirudishwa kwao mwaka huo huo.

Hornby hakukaa sana nyumbani. Shirika la utamaduni la Uingereza, British Council, lilimpeleka Iran kuendelea na kazi ya ualimu. Vita vilipokwisha alirudi London, na mwaka 1946 akaanzisha jarida la walimu wa Kiingereza ambalo bado linatoka hadi leo.

Mwaka 1948 Oxford ilichukua kurasa za toleo la Tokyo, ikazipiga picha na kuzichapa upya kwa jina jingine. Kamusi ikaenea duniani. Nakala zaidi ya milioni 30 zimeuzwa, na toleo la 10 lilitoka mwaka 2020.

Fedha zilikwenda wapi?

Mwaka 1961 Hornby alianzisha mfuko wa elimu wenye jina lake, akautengea sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake. Aliona kwamba fedha hizo zilitoka kwa wanafunzi wa nchi za nje, hivyo ni haki ziwarudie. Mfuko umesomesha walimu wa Kiingereza kutoka nchi nyingi, Afrika ikiwemo. Hornby alifariki London mwaka 1978.

Tunajifunza nini?

Njia yake haihitaji shule kubwa. Ukisikia msemo wa Kiingereza katika kipindi chetu, usiandike neno moja moja. Andika msemo mzima, kisha andika aliyesema alikuwa akizungumzia nini. Ukikutana na kitenzi kipya, andika sentensi nzima iliyokibeba. Na kama simu yako ina intaneti, kamusi hiyo ya Oxford unaweza kuitafuta na kuisoma bila malipo, na matamshi ya maneno ukayasikia.