Roosevelt: Rais wa Marekani Aliyealika Mtu Mweusi Mezani Mara Moja, Halafu Akakunja Jamvi

Msee wangu, wewe unajua vile sherehe zetu hukuwa. Hata hapa Idsowe, siku mheshimiwa anashuka, kuna ile tenti ya mbele, viti vimevalishwa vitambaa na maji ya chupa yako mezani. Halafu kuna chini ya mwembe, penye mimi na wewe tunasimama tukiangalia njia ya sahani za wali. Sasa twende Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, uone vile kiti kimoja mezani kilichoma nchi.

Jamaa ni Theodore Roosevelt. Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858, familia ya pesa ya zamani. Akiwa mtoto pumu ilimsumbua vibaya. Akaingia siasa akiwa kijana, halafu 14 Februari 1884 ikamvunja: mama yake na mke wake walifariki siku hiyo hiyo, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Akahepa hadi Dakota kuchunga ng'ombe. Waorma wa Garsen wangemwelewa hapo. Alirudi akiwa mtu mwingine, akapigana vita Cuba, akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais. Septemba 1901 Rais William McKinley alipigwa risasi akafa, na Roosevelt akachukua kiti akiwa na miaka 42. Hadi leo hakuna aliyekuwa rais wa huko akiwa mdogo kumliko.

Siku hizo, buda, dishi la jioni lilikuwa siasa yenyewe. Wanaume koti nyeusi zenye mkia na tai nyeupe, wanawake gauni hadi sakafuni. Nani anakaa karibu na mwenyeji, nani anaingia wa kwanza, nani hakualikwa kabisa: asubuhi magazeti yalichambua yote, vile sisi huchambua picha za harusi ya staa. Na Roosevelt alipenda hiyo maisha. Mwaka wa 1902 alipanua ukumbi wa kulia wa Ikulu, kutoka watu kama 40 hadi zaidi ya 100, akatundika vichwa vya wanyama ukutani. Harusi ya binti yake Alice, Februari 1906, ilifanyika hapo hapo Ikulu. Mwaka mpya wa 1907 alisalimia kwa mkono watu zaidi ya 8,000, siku moja!

Lakini ile meza ya maana ilikuwa ndogo. Jioni ya 16 Oktoba 1901, mwezi mmoja tu akiwa rais, alimwalika Booker T. Washington. Huyu alizaliwa mtumwa Virginia, akajenga chuo cha Tuskegee, na Roosevelt alikuwa anamwomba ushauri juu ya watu wa kupewa kazi serikalini huko Kusini. Baadaye Roosevelt alikiri kwamba alisita kidogo kabla ya kumwalika, na kule kusita kukamtia aibu, ndiyo akatuma mwaliko haraka. Walikula na mkewe, watoto na rafiki mmoja wa familia. Hakukuwa na mambo makubwa.

Asubuhi habari ikatoka, na Kusini ikawaka moto. Shida yao haikuwa ushauri, maana Weusi walikuwa wameingia Ikulu kwa mikutano hata kabla. Shida ilikuwa kiti. Kula na mtu, mbele ya mke wako na watoto wako, kulimaanisha mko sawa. Seneta Ben Tillman wa South Carolina alisema wazi kwamba Weusi elfu moja watalazimika kuuawa ndiyo warudi mahali pao. Seneta, sio mlevi wa mtaani.

Roosevelt hakuomba msamaha, hiyo tumpe. Lakini pia hakurudia. Miaka yote saba iliyobaki hakualika tena mtu mweusi kwa chakula cha jioni Ikulu. Washington aliendelea kushauri, ila kwa ofisi.

Halafu ikaja Brownsville, Texas. Agosti 1906 risasi zililia usiku, mtu mmoja akafa, na wenyeji wakasingizia wanajeshi weusi wa kambi ya karibu. Roosevelt alifuta kazi 167 kwa mpigo bila kesi, na tangazo likangoja uchaguzi upite kwanza, kwa sababu kura za Weusi zilihitajika. Mnaona hesabu? Januari 1907, kwenye karamu ya Gridiron Club, klabu ya waandishi wa Washington ambapo wakubwa huenda kutaniwa, rais aligeuza utani kuwa kelele, akimshambulia Seneta Joseph Foraker wa Ohio aliyekuwa akiwatetea wale wanajeshi. Foraker naye akasimama akajibu, mbele ya rais, kati ya sahani na sigara. Lakini wale askari majina yao yalisafishwa 1972. Karibu wote walikuwa wameshazikwa.

Sasa huyo Roosevelt ndiye alishuka Mombasa 21 Aprili 1909, urais ukiwa umeisha, na mtoto wake Kermit na bunduki. Usiku huo alikula Mombasa Club, ile iliyo kando ya Fort Jesus, pamoja na maafisa, wafanyabiashara na wenye mashamba. Kisha treni, yeye akiwa amekaa mbele ya injini akiangalia wanyama. Juja alikaribishwa na Mmarekani William McMillan, yule ambaye jina lake liko kwa maktaba ya katikati ya Nairobi, maktaba ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani. Wapagazi zaidi ya mia mbili walimbebea mahema, chumvi ya ngozi na hata vitabu.

Agosti 1909 walowezi walimwandalia karamu Nairobi. Akasimama baada ya kula akawaambia nyanda za juu ziwe nchi ya Mzungu. Walimshangilia sana. Hakuna Mkikuyu wala Mmaasai aliyekuwa na kiti hapo kumjibu, vile Foraker alimjibu.

Alikufa usingizini 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60. Booker T. Washington alikuwa ametangulia mwaka wa 1915.