Warner Koiter, Mholanzi aliyefichua siri ya matanki yanayobonyea

Katika viwanda vya shaba na kobalti vya Kolwezi, kama kile cha Luilu, asidi ya kuyeyushia madini huwekwa ndani ya matanki makubwa ya duara. Tanki moja laweza kuwa na upana wa mita nyingi, huku ukuta wake ukiwa na unene wa milimita chache tu. Mtu aliyeeleza kwa nini ukuta kama huo hubonyea ghafla ni Warner Koiter.

Koiter alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka wa 1914. Alisomea uhandisi katika chuo cha Delft, kisha akafanya kazi katika maabara ya taifa ya ndege.

Wakati huo wahandisi walikuwa na fumbo. Kwa hesabu, mcheduara wa bati jembamba ulipaswa kubeba mzigo mkubwa. Ukijaribiwa, mara nyingi ulibonyea kabla ya kufikia nusu ya mzigo huo, pengine hata robo.

Nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, Koiter aliandika jibu. Alionyesha kwamba hesabu za zamani zilihusu mcheduara usio na kasoro, ambao hakuna fundi anayeweza kuutengeneza. Bati lililonyooka hugawana mzigo sawasawa. Likianza kupinda ndani, nguvu yake hushuka mara moja. Kibonyeo chenye kina kinacholingana na unene wa bati chatosha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu.

Aliitetea tasnifu yake Delft mnamo Novemba 1945, miezi michache baada ya vita. Kwa kuwa ilikuwa kwa Kiholanzi, wachache waliisoma. Mwaka wa 1967, shirika la anga la Marekani, NASA, liliitoa kwa Kiingereza, kwani roketi nazo ni micheduara ya bati jembamba.

Koiter alikuwa profesa Delft tangu 1949 hadi 1979. Alifariki mwaka wa 1997.

Leo kanuni za Ulaya za kujenga matanki hupunguza mzigo unaoruhusiwa kulingana na ubora wa kazi ya fundi. Kwa hiyo tanki likigongwa na gari, au mshono wake ukichomelewa vibaya, kibonyeo hicho si suala la sura tu. Hupimwa kina chake kabla ya tanki kujazwa tena, kwa usalama wa wanaofanya kazi chini yake.