Tom Mboya: Bwana afya aliyekataa kupangiwa bei

Ukivuka Malaba ama Busia kutoka upande wa Uganda, kuna mtu unakutana naye mapema, pengine hata kabla ya wale wa kubadilisha pesa kukuzingira. Ni afisa wa afya ya umma. Ndiye anayeangalia vyakula vinavyoingia. Ndiye aliyesimama na kipimajoto Ebola ilipozuka Uganda mwaka wa 2022. Mwaka wa 2020, foleni ya trela zikingoja madereva wapimwe Corona ilipokuwa ya kilomita na kilomita, lawama zote zilimshukia yeye. Wazee bado wanamwita bwana afya.

Sasa sikia hii. Tom Mboya, yule wa sanamu pale Moi Avenue jijini Nairobi, alianza maisha ya kazi akiwa bwana afya. Wengi wetu tunamjua kwa zile ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani na kwa jinsi alivyouawa. Stori ya mshahara wake wa kwanza haisimuliwi sana. Lakini ndiyo inatuhusu zaidi leo, wakati serikali na hospitali zinavutana kuhusu nani alipwe ngapi kwa kumtibu Mkenya.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako babake alikuwa ameajiriwa. Kwao hasa ni Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Alisoma Ukambani, akaenda Yala, kisha akaingia Mang'u. Hapo pesa zikaisha. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, kwa hivyo Tom akaondoka kabla ya kufanya mtihani wa mwisho. Sisi tulioacha chuo njiani tunaijua hiyo hesabu vizuri sana.

Mwaka wa 1948 akajiunga na Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Alipomaliza akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ilikuwa kupima maziwa, kukagua nyama, maduka na mitaro, na kuhakikisha watu hawaugui kwa sababu ya uchafu. Wakaguzi wa Kizungu walifanya kazi hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa mwisho wa mwezi: Mwafrika alipata karibu moja ya tano ya mshahara wa Mzungu. Maziwa ni yale yale, vijidudu ni vile vile, lakini bei ya kazi iliangalia rangi ya ngozi.

Kuna kisa alichokuja kukisimulia kwenye kitabu chake. Siku moja mwaka wa 1951 alikuwa peke yake maabarani. Akaingia mama wa Kizungu na chupa ya maziwa, akaangaza huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya amesimama hapo hapo mbele yake! Akamuuliza kama macho yake yana shida. Yule mama akaondoka amekasirika na kwenda kulalamika.

Kijana mwingine angeishia kununa. Mboya akatafuta wenzake. Mwaka wa 1952 alichaguliwa kuongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji, na chama hicho akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wakati huo Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa, vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku, na vyama vya wafanyakazi vikabaki karibu mlango pekee wa kusemea. Kufikia 1953 alikuwa ameachana na kazi ya jiji na kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na miaka 23.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alienda huko, akawaomba warudi kazini huku suala lao likipelekwa mbele ya mahakama ya usuluhishi. Wengi walidhani amewauza. Uamuzi ulipotoka, mshahara ulipanda kwa asilimia 33. Jina lake likaenea nchi nzima. Yeye mwenyewe aliondoka na funzo ambalo hakuliacha tena: bei ya haki haitoki kwa anayelipa peke yake, wala kwa anayelipwa peke yake. Inatoka mezani, kila upande ukiweka hesabu zake wazi, na kukiwa na mtu wa tatu wa kuamua mkikwama.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Akasoma mwaka mmoja Ruskin College, Oxford. Akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957. Akaongoza mkutano wa Waafrika wote kule Accra mwaka wa 1958 akiwa na miaka 28. Mwaka wa 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi ikapaa kwenda Marekani. Halafu mwaka wa 1962 akawa Waziri wa Leba. Yule aliyekuwa anadai, sasa ndiye serikali.

Oktoba mwaka huo alizikalisha serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, na wote wakatia sahihi Mkataba wa Viwanda. Kwa ufupi ulisema hivi: kwanza mzungumze, mkishindwa mwende kwa msuluhishi, mgomo uwe wa mwisho kabisa. Mwaka wa 1964 ikaundwa Mahakama ya Viwanda, na ikapata meno ya kuamua. Kuna waliomkosoa, na walikuwa na hoja. Walisema amewafunga wafanyakazi mikono, kwamba mwenye njaa hana muda wa vikao. Ukweli ni kwamba meza ya Mboya hufanya kazi tu kama anayelipa anaheshimu kilichokubaliwa.

Kufikia 1965 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na wizara yake ndiyo iliyotayarisha ule waraka maarufu wa Bunge, Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Mwaka huo serikali iliondoa ada za matibabu zilizoachwa na mkoloni. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likapitisha sheria ya bima ya taifa ya hospitali, ile tuliyokuja kuizoea kama NHIF. Haikuwa ya wizara yake, lakini ilizaliwa ndani ya serikali aliyokuwa akiipangia uchumi. Na ilizaliwa na swali ambalo halijaisha hadi leo: serikali ikikusanya pesa za bima, nani anasema kitanda cha hospitali kinagharimu ngapi?

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa, barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ndiyo Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, na swali la nani alikuwa nyuma yake limebaki hewani.

NHIF iliishi miaka mingi kumshinda. Oktoba 2024 nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mshahara wako sasa unakatwa asilimia 2.75. SHA ilikuja na orodha ya bei. Kujifungua kwa njia ya kawaida ni shilingi 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kulazwa kwa siku katika hospitali ya kiwango cha nne ni 3,360. Bei hizi hufuata kiwango cha hospitali, hazifuati mahali ilipo.

Sasa leta hesabu hiyo huku mpakani. Mwenye kliniki ananunua dawa na mafuta ya jenereta kwa bei ya soko. Mgonjwa anayevuka kutoka Uganda bila SHA analipa taslimu. Mkenya mwenye SHA analipiwa na serikali, ila pesa zinafika lini? NHIF ilifungwa ikiwa na deni la mabilioni kwa hospitali, na mwaka wa 2025 hospitali nyingi za kibinafsi nchini zilifika mahali pa kudai pesa mkononi kabla ya kutibu. Hapo bei iliyoandikwa kwenye karatasi haimsaidii mtu. Anayeumia ni mama anayefika usiku na uchungu wa kuzaa, mchango wake wa SHA umelipwa, na anaambiwa atoe doo kwanza.

Sheria ya bima ya mwaka wa 2023 inataka kuwe na jopo la kushauri kuhusu huduma na viwango vya malipo. Hiyo ni meza. Kazi iliyobaki ni kuangalia nani anakalia viti: kama muuguzi wa zahanati ya mashinani na mwenye hospitali ndogo ya mpakani wanasikika, kama gharama halisi inahesabiwa, na kama kuna wa kumsukuma anayelipa akichelewa. Haya ndiyo mambo ambayo Mboya aliyapigania akiwa na sare ya bwana afya, akilipwa moja ya tano. Si vibaya kuyauliza mbunge wako akija kuomba kura Busia.