Mwalimu Fagunwa na Mbegu ya Shindano

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba tuzo za fasihi ni pambo tu: hutolewa leo kwa shangwe na makofi, na kesho zikasahauliwa pamoja na vitabu vilivyozitwaa. Wapo pia wanaoamini kuwa tukiongeza tuzo, waandishi wa watoto na vijana watachipuka kama uyoga baada ya mvua. Ukweli hauko kwa hawa wala kwa wale. Maisha ya mwalimu mmoja wa Nigeria, Daniel Olorunfemi Fagunwa, yanaweza kutuonyesha ulipo.

Fagunwa alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Oke-Igbo, eneo la Ondo, magharibi mwa Nigeria. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Orowole, lenye kumtaja Oro, mmoja wa miungu ya Wayoruba. Wazazi hao walikuwa wameupokea Ukristo, na kijana huyo baadaye aliliacha jina la Oro akajiita Olorunfemi, yaani Mungu ananipenda. Katika mabadiliko hayo ya jina tayari tunauona ulimwengu wa vitabu vyake, ambamo mizimu ya msituni na mafundisho ya kanisani hukaa chini ya paa moja.

Alisoma katika shule ya misheni ya mji wake, kisha akaingia Chuo cha Mtakatifu Andrea mjini Oyo, alikosomea ualimu kuanzia mwaka 1926 hadi 1929. Baada ya kuhitimu alibaki hapo hapo akifundisha watoto wa shule ya mazoezi ya chuo hicho kwa takriban miaka kumi. Jambo hili lisipitwe hivi hivi. Fagunwa aliwajua wasomaji wake kwa sura kabla hajaandika mstari wa riwaya. Alijua kinachowafumba macho kwa usingizi na kinachowatoa pumzi kwa shauku.

Mnamo mwaka 1936 idara ya elimu ya serikali ya kikoloni ilitangaza shindano la uandishi. Mwalimu huyo akaandika hadithi ya Akara-Ogun, mwindaji shujaa aliyeingia katika msitu wenye mazimwi na viumbe vya ajabu, akaponea chupuchupu mara kadha wa kadha, na hatimaye akafunga safari na mashujaa wenzake hadi Mlima Langbodo. Mswada huo ulichapishwa mwaka 1938 na duka la vitabu la misheni ya CMS mjini Lagos, kwa jina Ogboju Ode Ninu Igbo Irunmale. Haikuwa hadithi ndefu ya kwanza kabisa kwa Kiyoruba, kwani I. B. Thomas alikwisha kutoa yake mwanzoni mwa muongo huo. Lakini ndiyo iliyoingia darasani na kukaa, na vizazi vya watoto wa Kiyoruba vikajifunzia kusoma kwa raha ndani yake.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Shindano lilikuwa limekwisha, lakini Fagunwa hakukoma. Kati ya mwaka 1946 na 1948 alikuwa Uingereza kwa masomo, na safari hiyo akaiandikia vitabu viwili. Mwaka 1949 alitoa Igbo Olodumare na Ireke Onibudo. Mwaka 1954 akatoa Irinkerindo Ninu Igbo Elegbeje, na mwaka 1961 Adiitu Olodumare. Alishirikiana pia na L. J. Lewis kutunga vitabu vya kusomea vya wanafunzi, Taiwo ati Kehinde. Alifanya kazi katika kitengo cha uchapishaji cha Wizara ya Elimu mjini Ibadan, kisha akawa mwakilishi wa kampuni ya Heinemann nchini mwake.

Wahakiki humlaumu kwamba alipenda mno kuhubiri. Lawama hiyo ina msingi. Katika riwaya yake ya kwanza, mzee Iragbeje hutoa mawaidha marefu, malezi ya watoto yakiwemo, hata msomaji wa leo akaguna. Hata hivyo watoto walimvumilia, maana aliwapa kwanza safari, vicheko na vitisho, ndipo akawapa funzo. Waandishi wetu wengi wa vitabu vya watoto hutanguliza funzo, wakasahau safari.

Mwaka 1955 Fagunwa alipewa Tuzo ya Margaret Wrong. Mwanamke huyo kutoka Kanada alijitolea kueneza maandishi kwa Waafrika, na alifariki nchini Uganda mwaka 1948. Tuzo hiyo iliyoanzishwa kwa kumbukumbu yake ndiyo pia aliyotunukiwa Shaaban Robert wetu. Ni fahari kwamba tuzo moja iliwatambua magwiji wawili walioandika kwa lugha za Kiafrika.

Desemba mwaka 1963, akisubiri kivuko huko Wuya, karibu na Bida, Fagunwa alianguka mtoni akafa maji. Miaka mitano baadaye Wole Soyinka alitafsiri riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza. Ulimwengu wa nje ukamgundua miaka thelathini baada ya watoto wa Oyo na Ibadan.

Tunajifunza nini? Kwanza, shindano lilimtoa mwandishi darasani, halikumwokota barabarani. Mwalimu anayekaa na watoto kutwa ndiye mgodi ambao tuzo zetu hazijauchimba vya kutosha. Pili, mswada ulichapwa na ukafika shuleni. Tuzo ya Burt, iliyohusu vitabu vya vijana katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, ilikuwa na busara hiyo, kwani ilinunua nakala za vitabu vilivyoshinda na kuzigawa kwa shule na maktaba. Tuzo inayomkabidhi mshindi hundi huku kitabu chake kikioza ghalani imemsaidia mtu mmoja tu. Tatu, Fagunwa aliandika kwa lugha ambayo mtoto aliiota usiku. Tuzo ya Jomo Kenyatta, iliyoanza kutolewa mwaka 1974, imekipa Kiswahili nafasi yake, na hilo ni la kupongezwa. Lakini mtoto anayeota kwa Kiluo, Kikamba au Kipokomo naye angali akimsubiri Fagunwa wake.

Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Ni kweli, lakini pete haioteshi kidole. Walimu waandike, wachapishaji wachape, na shule zinunue vitabu vingine zaidi ya vile vya mtihani. Hapo ndipo tuzo zitakapokuwa na wa kumvika.