Tod Browning na Filamu Iliyokosa Hadhira

Katika somo la isimu, mimi huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba hakuna usemi usiokuwa na msemewa. Anenaye bila kujua anamnenea nani hujiponza, hata akiwa fasaha namna gani. Kanuni hii inahusu filamu pia, hususan zile za kuogofya. Maisha ya mwelekezi Tod Browning yanalithibitisha jambo hili waziwazi.

Browning alizaliwa mwaka wa 1880 mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Alipokuwa kijana wa takriban miaka 16 aliwatoroka wazazi wake, akajiunga na wanasarakasi. Miongoni mwa kazi zake huko ilikuwa kuzikwa akiwa hai mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Baadaye aliingia katika filamu, kwanza akiwa mwigizaji, kisha mwelekezi. Katika miaka ya 1920 alishirikiana na mwigizaji Lon Chaney kutoa filamu kadhaa zilizovuma. Mwaka wa 1931 akaelekeza Dracula, iliyoiletea kampuni ya Universal faida kubwa.

Kampuni ya MGM nayo ikaitamani faida ya aina hiyo. Ikampa Browning kazi ya kutengeneza Freaks, hadithi ya mwanasarakasi mrembo anayeolewa na mwanamume wa kimo kifupi kwa tamaa ya urithi wake. Browning hakuwavisha waigizaji vinyago. Aliwatumia watu wenye ulemavu waliokuwa wakichuma riziki yao katika sarakasi. Nionavyo mimi, alitaka tutambue kwamba zimwi halisi katika hadithi ile ni yule mrembo. Lakini filamu ilipojaribiwa mapema mwaka wa 1932, watazamaji walichukizwa. Ikakatwa kutoka takriban dakika 90 hadi zipatazo 64. Hilo halikuiokoa, kwani Uingereza iliipiga marufuku mwaka huohuo.

Je, Freaks ililenga hadhira gani? Marekani ya wakati huo haikuwa na madaraja ya umri. Hayo yalianzishwa mwaka wa 1968. Filamu ilikuwa ama ya watu wote ama si ya mtu yeyote. Uingereza ilikuwa na vyeti viwili tu, na hata kile kilichokusudiwa watu wazima kilimruhusu mtoto kuingia akiandamana na mzazi. Mkaguzi asiye na njia ya kumzuia mtoto peke yake, humzuia na baba yake pia. Cheti cha H, kilichowafungia mlango walio chini ya miaka 16, kilikuja mwaka wa 1937, na cha X kikafuata mwaka wa 1951. Hata hivyo, Freaks ilipowasilishwa tena mwaka wa 1952 ilikataliwa, kwa maana marufuku ikishazoeleka huwa vigumu kung'oka.

Browning aliyalipia hayo. Baada ya Freaks aliongoza filamu nne tu, ya mwisho ikiwa ya mwaka wa 1939, kisha akajitenga. Alifariki Oktoba 1962. Mwaka uliofuata, 1963, Uingereza ikairuhusu filamu yake kwa cheti cha X.

Wako wanaodhani kwamba kuainisha filamu ni kumnyanyasa msanii. Mimi naona kinyume. Daraja la umri humlinda mtoto asikabiliwe na asichoweza kukistahimili, na wakati uo huo humwachia mtu mzima uhuru wa kutazama na kuhukumu mwenyewe. Hapa Kenya tunazo alama za GE, PG, 16 na 18. Basi mwalimu anayewaandalia wanafunzi filamu ya Jumamosi jioni, na mwanafunzi anayeota kuwa mwelekezi, wote wawili wana swali moja la kujiuliza mapema: hii ni ya nani? Asiyelijibu mwenyewe, wengine watamjibia, na aghalabu watamjibia kwa mkasi.