Askofu Edward Steere na Herufi Kubwa na Ndogo

Sisi tunaojifunza lugha ya C katika somo la kompyuta twajua kwamba herufi k, kwa mashine, ni namba 107, na K ni namba 75. Ukitoa 32, herufi ndogo hugeuka kubwa. Agizo la toupper hutufanyia kazi hiyo mara moja. Lakini zamani, huko Unguja, kazi hiyo ilifanywa kwa vidole, na aliyeifundisha ni Edward Steere.

Bwana huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1828. Alisoma sheria, kisha akawa padri. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Wakati ule Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina kubwa wala ndogo. Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii, akakiandika kwa herufi za Kilatini, akaanzisha na mtambo mdogo wa kupiga chapa. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa.

Kwa desturi ya wapiga chapa, herufi za risasi hukaa katika masanduku mawili: la juu herufi kubwa, la chini herufi ndogo. Ndiyo maana Waingereza huziita hivyo hata leo. Mpangaji huokota herufi moja moja, akazipanga kinyume, kama zionekanavyo katika kioo. Akipanga unguja badala ya Unguja, hana budi kuitoa u, kuirudisha chini, na kuchukua U juu.

Mwaka 1870 Steere alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja. Mwaka 1874 akafanywa askofu. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na mahali pale, Mkunazini, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu. Alifariki mwaka 1882, akazikwa humo.

Basi, wenzangu, tutafakari. Vijana waliohesabiwa kuwa bidhaa walishika herufi mikononi, wakawapangia wengine maneno ya kusoma. Sisi tumepewa mashine iendayo mbio, lakini mashine haijui kuwa singida ni jina la mkoa wetu. Kujua pale panapostahili herufi kubwa ni kazi ya mwandishi mwenyewe, kama ilivyokuwa kazi yao.